Kitovu cha Mzingile: Ishara ya Kale na Maana Zake Katika Majengo ya Kanisa

1.0 Utangulizi

Katika sakafu ya kanisa kuu la Chartres, nchini Ufaransa, umo mduara wa mawe wenye kipenyo cha karibu mita 13. Ndani ya mduara huo imechorwa njia moja iliyokunjwa na kukunjuliwa katika mizunguko 11 hata ikafika katikati. Mtu anayeifuata kwa miguu hutembea zaidi ya mita 260 kabla ya kukifikia kitovu ambacho, alipokuwa akisimama mlangoni, kilikuwa mbele yake kwa hatua chache tu. Umbo hilo ndilo mzingile. Vitabu vingi vya wageni, na vingi zaidi vya ibada, humweleza msomaji bila ya wasiwasi kwamba mzingile wa Chartres ulitengenezwa katika karne ya 13 ili Wakristo wasioweza kwenda Yerusalemu waifanye safari hiyo humo kanisani, kwa miguu au kwa magoti.

Makala haya yanashikilia kwamba maelezo hayo, yakichukuliwa kuwa historia, hayana msingi wa kutosha. Mzingile haukuingia kanisani ukiwa na maana moja ambayo vizazi vya baadaye viliihifadhi au kuipoteza. Uliingia ukiwa umbo lililokwisha kubeba maana nyingi, na kila jamii ya waumini iliandika maana yake katika kitovu: pengine kwa herufi, pengine kwa sanamu, pengine kwa ngoma. Tabia ya kuutafutia maana moja ya asili, na kisha kuieneza maana hiyo nyuma katika karne zote, si kosa dogo la wapenda mambo ya kale. Hufuta ushahidi wa watu walioutumia mzingile kwa namna nyingine, na wa kwanza kufutwa ni Wakristo wa Afrika ya Kaskazini, ambao ndio walioacha mzingile wa kale kuliko yote inayojulikana ndani ya kanisa. Tabia hiyo haiko mbali na wanafunzi wa sanaa za Waswahili pia, kama itakavyoonekana mwishoni.

2.0 Neno na umbo

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kwanza. Kamusi za Kiswahili huliweka neno mzingile, na mara nyingi zaidi mzingile mwambiji, kwa maana ya njia zenye kuzungukazunguka, na kwa hiyo fumbo, jambo lililotatizana lisilojulikana mwanzo wala mwisho. Uhusiano wake na zinga, zingira na mzingo uko wazi: wazo la msingi ni kuzunguka. Wazo la kupotea limeongezwa juu ya lile la kuzunguka, na wasemaji wengi leo hulichukua hilo la pili kuwa ndilo kubwa.

Hapa pana jambo ambalo mfasiri asipoliangalia atampoteza msomaji wake. Mzingile wa kanisani hauna njia panda. Haumtaki mtu achague kulia au kushoto, wala hauna kichochoro kinachoishia ukutani. Aingiaye atafika katikati bila ya hiari yake, mradi asisimame. Vile vichochoro vya ua wa miti vya bustani za matajiri wa Ulaya, vyenye njia nyingi za kumdanganya mtu, ni vitu vya baadaye sana, vilivyoenea kuanzia karne ya 16. Penelope Reed Doob, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu dhana hii, ameonyesha ajabu iliyodumu kwa zaidi ya miaka elfu: waandishi wa Kigiriki na Kirumi waliusimulia mzingile kuwa mahali pa kupotelea, lakini wachoraji wa nyakati hizohizo waliuchora kuwa njia moja isiyopoteza mtu. Wale wa neno na wale wa picha hawakukubaliana, na inaonekana hawakuhisi haja ya kukubaliana.

Umbo ni la kale kuliko masimulizi yaliyoandikwa. Katika kasri la Pylos, kusini mwa Ugiriki, kilipatikana kibao cha udongo cha mnamo 1200 kabla ya Kristo. Upande mmoja karani ameandika hesabu ya mbuzi. Upande wa pili amechora mzingile, pengine kwa kupitisha wakati tu. Baadaye umbo hilo linaonekana katika sarafu za mji wa Knossos, katika kisiwa cha Krete, likihusishwa na hadithi inayojulikana sana: Daedalus fundi aliyejenga, Minotauro nusu mtu nusu fahali aliyefungiwa ndani, Theseus shujaa aliyemwua, na Ariadne aliyempa shujaa uzi wa kumrudisha nje. Warumi walilipenda umbo hili katika sakafu za nyumba na za mabafu yao. Huko Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka wa 79, mtu mmoja aliukwaruza mzingile katika nguzo na kuandika pembeni kwamba humo hukaa Minotauro. Mara nyingi mafundi wa Kirumi waliuzungushia mzingile picha ya ukuta wenye minara na malango, yaani waliuchora kama mji wenye ngome. Jambo hili la ngome ni muhimu kwa yatakayofuata.

3.0 Sakafu ya El Asnam

Mwaka wa 1843 jeshi la Ufaransa, likiwa katika kuiteka Aljeria, lilianzisha mji wa Orléansville katika bonde la mto Chelif, juu ya magofu ya mji wa Kirumi uliokuwa ukiitwa Castellum Tingitanum. Baada ya uhuru mji huo ulijulikana kwa jina la El Asnam, na baada ya tetemeko kubwa la ardhi la 1980 ukaitwa Chlef. Katika magofu yale ilifukuliwa basilika ya Kikristo ambayo maandishi yake yanataja mwaka wa 285 wa kalenda ya jimbo, sawa na mwaka wa 324 wa Kristo. Katika sakafu yake ya vijiwe vya rangi umo mzingile wa mraba, wenye upana wa karibu mita mbili na nusu.

Upana huo peke yake ni hoja. Njia ya mzingile ule ni nyembamba mno hata haiwezekani mtu mzima kuifuata kwa hatua zake. Ulikuwa wa kutazamwa na kusomwa. Na kwa hakika una kitu cha kusomwa. Katikati, mahali ambapo fundi wa sakafu za matajiri angemweka Minotauro, zimepangwa herufi katika mraba zenye kufanya maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya Kanisa Takatifu, SANCTA ECLESIA, neno la pili likiandikwa kwa C moja tu. Herufi ya kwanza imewekwa katikati kabisa, na msomaji akiondoka hapo kuelekea pembe yoyote, kwa kupinda popote apendapo, atayapata maneno yaleyale. Jicho lililokwisha kuzungushwa na njia ya mzingile linazungushwa tena na herufi. Ila mara hii, kinyume na njia ile moja, kila njia ni sahihi.

Wasomi wengi wa historia ya mizingile huutaja mzingile huu kwa sentensi mbili au tatu kisha hukimbilia Ufaransa, kana kwamba ni dibaji ya kitabu kingine. Laiti wangekaa kidogo. Mwaka wa 324 haukuwa mwaka wowote tu katika Afrika ya Kaskazini. Mateso ya Diokletiano, yaliyoanza mwaka wa 303, yalikuwa bado katika kumbukumbu za watu waliokuwa hai. Baadhi ya viongozi wa Kanisa walikuwa wamesalimisha Maandiko Matakatifu kwa maofisa ili waokoe roho zao. Wengine walikubali kufa. Ulipofika wakati wa kumweka Caecilianus kuwa askofu wa Karthago, walitokea waliosema kwamba uaskofu wake ni batili kwa kuwa mmoja wa waliomwekea mikono alikuwa msaliti wa aina hiyo. Mtengano huo, uliokuja kuitwa wa Wadonati, ulipelekwa mbele ya mtaguso wa Arles mwaka wa 314 bila ya kumalizika, na karibu miaka 100 baadaye Augustino wa Hippo alikuwa bado anapambana nao. Kiini cha ugomvi kilikuwa swali moja: Kanisa takatifu ni lipi, na utakatifu wake hutoka wapi, katika usafi wa watu wake au katika Kristo mwenyewe?

Kuandika maneno Kanisa Takatifu katika kitovu cha mzingile, mahali pale na wakati ule, hakuwezi kuwa pambo tu. Yapo masomo mawili yanayowezekana. La kwanza huliona Kanisa kuwa mwisho wa safari: mwumini hupita katika dunia iliyopindapinda hata akafika. La pili huikumbuka ile ngome ya sakafu za Kirumi na kuliona Kanisa kuwa kilicho ndani ya kuta, kilichozingirwa na kulindwa, kisichofikiwa na adui kwa urahisi. Somo la kwanza ndilo linalopendwa leo kwa sababu linafanana na mawazo ya leo. La pili ndilo linaloelekea kuwa karibu zaidi na watu wa 324, ambao majengo yao yalikuwa yamebomolewa kwa amri ya dola miaka 20 tu iliyopita, na ambao walikuwa wakiulizana nani yumo na nani yuko nje. Ukubwa wa mzingile wenyewe unaliunga mkono: hakuna aliyesafiri ndani yake.

Kuna sura nyingine ya habari hii ambayo haifai kuachwa. Magofu ya Kikristo ya Aljeria hayakufukuliwa na watu wasio na haja nayo. Kwa watawala wa Kifaransa yalikuwa ushahidi kwamba wao si wageni bali warithi, wanaorudi katika nchi iliyokuwa ya Kirumi na ya Kikristo. Charles Lavigerie, aliyekuwa askofu mkuu wa Algiers tangu 1867, alizungumza waziwazi juu ya kulifufua Kanisa la kale la Afrika. Na shirika la Wamisionari wa Afrika alilolianzisha mwaka wa 1868 ndilo lililowatuma mapadri walioondoka Bagamoyo mwaka wa 1878 kuelekea Tabora, Ujiji na Buganda. Mzingile wa Kanisa Takatifu uliondolewa mahali pake ukapelekwa Algiers, na leo umo katika kanisa kuu la Moyo Mtakatifu la mji huo. Hivyo maneno yaliyoandikwa wakati Waafrika walipokuwa wakigombana wao kwa wao juu ya maana ya Kanisa yalikuja kusomwa kuwa hati ya umiliki ya watu wengine. Herufi hazikubadilika hata moja.

4.0 Minotauro kanisani

Baada ya El Asnam mzingile unaonekana zaidi katika hati kuliko katika sakafu. Watawa wa karne ya 9 na ya 10 waliuchora pembeni mwa maandishi ya kuhesabia tarehe ya Pasaka, na wengine waliutumia kuwa picha ya mji wa Yeriko wenye kuta saba. Katika nakala ya Injili ya kishairi ya Otfrid wa Weissenburg, ya karne ya 9, umechorwa mzingile wa mizunguko 11, idadi ileile itakayotumika Chartres.

Ulipoingia tena katika majengo, kwanza Italia kisha Ufaransa, ulikuja pamoja na hadithi yake ya kipagani bila ya aibu. Katika kanisa la San Michele Maggiore la Pavia, Theseus alichorwa katikati akimwua Minotauro. Katika ukumbi wa mbele wa kanisa kuu la Lucca, mzingile mdogo umechongwa katika nguzo, mahali ambapo mkono wa mpita njia unaufikia, na maandishi yake yanaeleza kwamba huu ndio ule uliojengwa na Daedalus wa Krete, ambao hakuna aliyetoka ndani yake ila Theseus kwa msaada wa uzi wa Ariadne. Vidole vya karne nyingi vimelisugua jiwe lile mpaka likalainika. Katika San Savino ya Piacenza yalikuwapo maandishi yaliyosema jambo zito zaidi: kwamba mzingile ni mfano wa dunia hii, mpana kwa aingiaye na mwembamba mno kwa atakaye kurudi. Hapo kitovu si lengo hata kidogo, ni mtego. Anayelinganisha sakafu hiyo na ile ya El Asnam ataona kwamba umbo moja limesema mambo mawili yanayopingana kabisa, na yote mawili kwa ulimi wa Kikristo.

Namna Wakristo wa karne za kati walivyoyapatanisha mambo haya inaonekana vyema zaidi Auxerre, na ni jambo la kushangaza kwamba vitabu vya ibada vya leo havilitaji sana. Katika kanisa kuu la mji huo, siku ya Pasaka, baraza la makanoni lilikusanyika kwenye mzingile uliokuwa sakafuni. Kanoni aliyeingia karibuni alileta mpira. Dekano aliupokea, akaanza kuuimba wimbo wa Pasaka unaohusu pambano la mauti na uzima, na huku akicheza kwa hatua tatutatu alikwenda katika njia ya mzingile, na makanoni wengine wakiwa wameshikana mikono wakimzunguka. Mpira ulirushwa kwa mmoja na kurudishwa, ukarushwa kwa mwingine na kurudishwa, mpaka ngoma ikaisha na wote wakaenda kula. Kanuni za shughuli hii ziliandikwa mwaka wa 1396. Katika karne iliyofuata alitokea kanoni aliyekataa kuleta mpira wake, ugomvi ukakua, na mwaka wa 1538 mahakama kuu ya Paris iliipiga marufuku desturi yote.

Craig Wright, mwanahistoria wa muziki, katika kitabu chake cha 2001, ameieleza ngoma hii kwa hoja inayoshawishi: Theseus aliyeshuka katika shimo la jitu na kutoka salama alifananishwa na Kristo aliyeshuka kuzimu na kufufuka. Kwa fasiri hiyo, Minotauro katika kitovu si upagani uliosahauliwa kanisani. Ni Shetani anayeshindwa kila Pasaka. Charles Challine, msomi wa Chartres wa karne ya 17, aliandika kwamba bamba lililokuwa katikati ya mzingile wa kanisa lao lilikuwa na sura za Theseus na Minotauro. Na kama ndivyo, basi mtu aliyetembea Chartres katika karne ya 13 alikuwa akienda kwenye uwanja wa vita. Bamba hilo liling'olewa mwaka wa 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, likayeyushwa pamoja na madini mengine ya kanisa. Misumari iliyolishikilia bado ipo.

Wengine waliandika jambo la tatu. Huko Amiens, jiwe la katikati la mzingile wa 1288 liliwataja askofu Evrard na wajenzi wakuu watatu waliofuatana, Robert de Luzarches, Thomas de Cormont na Renaud, na maandishi yaliita mahali hapo nyumba ya Daedalus. Reims nako wajenzi wakuu wanne walichorwa katika pembe nne. Hapa shujaa wa hadithi si Theseus tena bali fundi. Mwashi wa karne za kati, ambaye kwa kawaida jina lake halikuandikwa popote, alijipatia nafasi katika sakafu ya nyumba ya Mungu kwa kujifananisha na fundi wa Krete. Si rahisi kusema kama hiyo ilikuwa sala au majivuno. Huenda watu wale hawakuona tofauti kubwa.

5.0 "Njia ya Yerusalemu"

Safari ya kwenda Yerusalemu, basi, iko wapi katika ushahidi huu? Haimo. Hakuna mwandishi hata mmoja wa karne za kati anayejulikana ambaye amesema kwamba waumini waliufuata mzingile wa kanisani badala ya hija. Huko Chartres wenyeji wa zamani waliuita kwa jina la kipimo cha masafa. Jina la njia ya Yerusalemu linajitokeza mwishoni mwa karne ya 18, wakati mizingile mingi ilikuwa imekwisha kung'olewa, na likaenezwa na wapenda mambo ya kale wa karne ya 19 ambao walinakiliana wao kwa wao. W. H. Matthews alikwisha kulitilia shaka jambo hilo katika kitabu chake cha 1922, na Hermann Kern, aliyefanya uchunguzi mpana kuliko wote mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakupata la kulithibitisha. Wapo wanaoitetea fasiri hiyo kwa kusema kwamba ramani za karne za kati ziliuweka Yerusalemu katikati ya dunia, na kwamba kitovu cha mzingile kingeweza kukumbusha mji huo. Yawezekana. Lakini kuwezekana si kushuhudiwa, na mhakiki anayetumia moja badala ya jingine anaandika hadithi.

Ni vema kukumbuka kwamba kizazi kilichozua jina hilo kilikaribiana sana na kizazi kilichovunja mizingile yenyewe. Ule wa Auxerre uliondolewa mwishoni mwa karne ya 17, wa Reims mwaka wa 1779, wa Amiens katika miaka ya 1820 ingawa ulijengwa upya kabla ya karne ya 19 kwisha. Sababu iliyotolewa Reims ni kwamba watoto waliufuata kwa kelele wakati wa ibada. Watoto wale ndio waliokuwa watumiaji wa mwisho wa mzingile wa Reims, na maana waliyouandikia, yaani mchezo, haikuhesabiwa na mtu yeyote kuwa maana. Ajabu ni kwamba tangu 1985 umbo la mzingile huohuo uliovunjwa ndilo alama ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na serikali ya Ufaransa.

Fasiri ya hija ilipata nguvu mpya mwaka wa 1991, Lauren Artress, kasisi wa kanisa kuu la Grace la Kianglikana huko San Francisco, alipokwenda Chartres, akasogeza viti vilivyoufunika mzingile na kuutembea. Aliporudi Marekani alitengeneza nakala ya turubai, kisha zikafuata sakafu za kudumu, na tangu hapo umbo la Chartres limenakiliwa katika makanisa, hospitali, magereza na viwanja vya shule katika nchi nyingi. Watu huutembea kimya, mmoja mmoja, wakitafuta utulivu wa nafsi, na Chartres yenyewe sasa huondoa viti kwa siku maalumu ili wageni wafanye vivyo hivyo.

Makala haya hayana ugomvi na mtu anayepata faraja kwa kutembea hivyo. Desturi haihitaji kuwa ya kale ili iwe halali. Ngoma ya Auxerre nayo ilikuwa na siku yake ya kwanza. Linalokataliwa ni cheti cha kuzaliwa cha uongo. Mwumini anayeambiwa kwamba anafanya walichofanya watu wa karne ya 13 anaambiwa jambo lisilojulikana, na kwa kuambiwa hivyo ananyimwa yale yanayojulikana: kwamba waliotangulia waliucheza kwa mikono iliyoshikana siku ya furaha, kwamba katikati palikuwa na adui wa kushindwa, na kwamba Mwafrika wa 324 aliandika hapo jina la jumuiya, si la nafsi yake. Mabadiliko kutoka ngoma ya wengi hadi matembezi ya mmoja yanasema mengi juu ya Ukristo wa Magharibi wa miaka 100 iliyopita. Yakifunikwa kwa neno asili, hayawezi hata kuonekana.

6.0 Milango ya Unguja

Tabia hii ya kuipa ishara maana moja ya asili ina wafuasi hodari pwani ya Afrika ya Mashariki. Mgeni anayepitishwa mbele ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar hupewa kamusi nzima kwa dakika tano: samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi (au utumwa, kutegemea msimulizi), mtende ni wingi wa riziki, yungiyungi ni uzazi tena. Kamusi hiyo imeingia katika vitabu, na kutoka vitabuni imeingia katika tasnifu za wanafunzi, ambako hutajwa kana kwamba mafundi wote wa nakshi, Waswahili, Waarabu na Wahindi, kwa zaidi ya karne moja, walikuwa wamekubaliana juu ya orodha moja.

Inafaa kuuliza maswali yaleyale yanayoulizwa juu ya mzingile. Nani alisema hivyo kwanza, na mwaka gani? Fundi huyu alimchongea nani? Je, mnyororo wa mlango wa tajiri wa 1880 unaweza kusomwa sawasawa na ule uliochongwa kwa ajili ya hoteli katika miaka ya 1990? Milango ina nafasi ambayo sakafu nyingi za makanisa hazina, kwa sababu mingi katika ile ya zamani ina maandishi ya Kiarabu katika kizingiti cha juu: aya, dua, pengine jina la mwenye nyumba, pengine mwaka wa Hijria. Hayo ndiyo SANCTA ECLESIA ya mlango, maneno ya mtu aliyeagiza kazi, yaliyowekwa mahali alipochagua mwenyewe. Msimulizi wa wageni kwa kawaida hayasomi, naye mwanafunzi mara nyingi huyapita ili aifikie yungiyungi.

Mtahiniwa wa shahada ya uzamili anayetaka kuandika juu ya ishara za nakshi angefanya vyema kuanza na vizingiti hivyo, mtaa kwa mtaa, kwa kupiga picha, kunakili maandishi, kuandika mwaka unaosomeka na kuyaweka mapambo ya kila mlango kando ya maneno yake. Kazi hiyo inahitaji ngazi, daftari na mtu anayeisoma hati ya Kiarabu vizuri, na inahitaji kufanywa upesi, kwani milango huuzwa, hurekebishwa, na vizingiti hutenganishwa na mbao zake.